Wazimu, Akili na Kiwewe: Istilahi Zinazohukumu Kabla ya Kueleza

Istilahi njema hutaja jambo. Istilahi mbovu hutaja jambo pamoja na hukumu yake. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yatumiwayo kwa maradhi yanayoshika fikira na hisia za mtu, kwa kuwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali huyaandika kila siku bila kuyachunguza.

Tuanze na "wazimu". Kwa asili neno hili ni wingi wa "mzimu", na hivyo limebeba nadharia nzima ya chanzo cha ugonjwa. Nadharia hiyo si ngeni katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Jina lenyewe Katavi huhusishwa na Katabi, mwindaji wa masimulizi ya kale, ambaye roho yake yaaminika kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huweka sadaka hapo. Kwa mtazamo wa jadi, mgonjwa hatibiwi peke yake. Huulizwa ni nani aliyekosewa na ni mila gani iliyoachwa, na jamaa zake hushiriki katika uganga. Huo ni utu tusioweza kuudharau.

Hospitali ilileta lugha nyingine. Tangu Mirembe ilipofunguliwa Dodoma mwaka 1927, "ugonjwa wa akili" umekuwa ndiyo istilahi ya ofisi. Imeikimbia mizimu, lakini imetumbukia katika shimo jingine. Akili kwa Mswahili ni werevu, na "hana akili" ni tusi. Basi mtu asiyelala wala kula kwa huzuni, huku akipiga hesabu zake sawasawa, atakubalije kuwa akili yake inaugua? Hata jina la Mirembe limegeuzwa kejeli mitaani. "Sonona" ni bora zaidi: haimtaji shetani, wala haimnyang'anyi mtu werevu wake.

Upo mtazamo wa tatu, wa wahakiki. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari huko Blida, Aljeria, kati ya mwaka 1953 na 1956, alionyesha kwamba ukoloni wenyewe huumiza nafsi za watu. Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alichunguza jinsi Ulaya ilivyowatenga na kuwafungia wale iliowaita wendawazimu. Funzo lao latugusa huku Mpanda. Makazi ya Katumba, yaliyoanzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo, mwaka 1978, yaliwapokea wakimbizi wa mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mzee anayeshtuka usiku kwa yale aliyoyaona mwaka ule, tukisema ana wazimu tunamsingizia. Tukisema ana ugonjwa wa akili tunaifuta historia na kuiacha lawama yote kichwani mwake. "Kiwewe" chafaa zaidi, maana asikiaye kiwewe huuliza mara moja: kimeletwa na nini?

Hata hivyo, wahakiki nao wana kosa lao. Wako wanaosema kwamba ugonjwa huu ni jina tu lililobandikwa na wenye mamlaka. Maneno hayo ni mepesi maktabani. Hayamfai mama ambaye mwanawe husikia sauti na kukimbilia porini. Vivyo hivyo, sifa za jadi zisifiche kamba wanazofungwa wagonjwa wengine, wala dawa inayocheleweshwa. Tukumbuke "degedege": palipodhaniwa kuwa pana shetani, mara nyingi palikuwa na malaria kali, na kuchelewa kumegharimu maisha ya watoto.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina la hali lisiamue chanzo chake pasipo uchunguzi. Pili, "wazimu" na "kichaa" yasitumiwe kumtaja mtu katika fomu na barua za serikali. "Kichaa cha mbwa" kibaki kwa maradhi yake. Tatu, maneno ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema, kisha istilahi ya kitaalamu ifuate kando yake. Mgonjwa akisema "mashetani", nasi tukaandika "imani potofu", hatujafasiri, tumemnyamazisha. Na aliyenyamazishwa harudi tena zahanati.