Hongereni, Mafundi Umeme wa Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umepanuka, na kuanzia Nkuhungu hadi Ipagala wenye nyumba wanaongeza vyumba vya kupangisha. Kila chumba kinadai taa na soketi. Hapo ndipo fundi mwenye leseni ya EWURA anapostahili pongezi. Huzima mein swichi, hupima kwa tesa, kisha hukagua kama laini iliyopo itabeba mzigo mpya: taa hutosheka na waya wa milimita mraba 1.5, soketi hutaka 2.5. Kiangazi udongo wetu hukauka na kupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo fimbo ya ethi huizamisha zaidi. Kazi hiyo haionekani, lakini ndiyo inayookoa maisha. Mafundi, hongereni sana!