Soloist National au Marehemu? Namna Tunavyomkumbuka Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki tarehe 12 Januari 1979 kutokana na ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Alipokuwa hai wapenzi wake walimwita "Soloist National", yaani mpiga solo wa taifa zima. Baada ya kifo chake jina hilo lilififia, na mahali pake pakachukuliwa na neno ambalo watangazaji na wasikilizaji hulitanguliza kila wamtajapo: "marehemu". Makala haya yanachunguza umbali uliopo baina ya majina hayo mawili. Dai letu ni kwamba kumbukumbu ya wapenzi wake, pamoja na mapenzi yote yaliyomo ndani yake, imemzika mpiga gitaa na kumhifadhi mwimba maombolezo. Na kwamba sisi wa vyuo vikuu, badala ya kuisahihisha kumbukumbu hiyo, tumeipa baraka za kitaaluma.

Habari za maisha yake zinajulikana, nasi hatutakawia hapo. Alizaliwa mwaka 1944 katika wilaya ya Kisarawe na kukulia Morogoro. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz Band, ambayo mwaka 1970 iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliiacha bendi hiyo akaunda Super Volcano. (Kwa sisi tunaoishi chini ya mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, jina hilo la bendi halisikiki kama masihara.) Mji huohuo wa Morogoro ulikuwa umekwisha kumpoteza Salum Abdallah wa Cuban Marimba mwaka 1965, naye pia kwa ajali ya gari. Vifo hivyo viwili vimefungamana katika masimulizi ya wapenzi wa muziki hata barabara inaelekea kuwa mhusika mkuu, na bendi zikabaki kuwa mandhari tu.

Hapa Mubambiro, kando ya barabara itokayo Goma kwenda Sake, wapo watu wazima waliomjua Mbaraka kwa redio peke yake. Ukiwauliza habari zake, mpangilio wa majibu yao ni uleule: kwanza ajali, kisha wimbo "Shida", kisha mafunzo ya maneno yake. Wengi huongeza kwamba "Shida" ni wimbo wa mtu aliyekwisha kuiona safari yake. Usomaji wa namna hii hauna budi kupingwa. Mtunzi aliyelalamikia shida alikuwa akiwasemea watu walio hai, wenye kudaiwa kodi na kukosa unga. Kumfanya nabii wa kifo chake mwenyewe ni kuwanyang'anya watu hao wimbo wao. Fauka ya hayo, Mbaraka aliijua tanzu ya ombolezo na aliitumia alipokusudia kuitumia. Dkt. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa tarehe 25 Desemba 1971, Mbaraka alimwimbia. Ombolezo lilikuwa chombo kimoja miongoni mwa vyombo vyake vingi. Mtu huyohuyo alitunga "Jogoo la Shamba" na kuimba habari za mashemeji na za mitaa.

Lugha ya kumbukumbu yenyewe yafaa kutazamwa kwa jicho la isimu. Nyimbo za kizazi chake huitwa "zilipendwa". Kiambishi -li- kinayafunga mapenzi hayo katika wakati uliopita, na kauli ya kutendwa inamficha mtendaji: zilipendwa na nani? Msikilizaji anayezipenda leo hii, huku akizicheza harusini, hana nafasi katika neno hilo. "Marehemu" nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu aliyerehemewa. Ni neno la heshima na dua, wala hatulilaumu. Lakini likitangulia jina kwa zaidi ya miaka 40 linageuka kuwa sifa ya kisanaa, na msikilizaji kijana hudhani kwamba kufa ndiko kulikokuwa kazi ya mtu huyo. Kampuni ya Polygram ya Kenya ilitia muhuri wake ilipotoa mfululizo wa santuri zake kwa jina la "Ukumbusho". Twashukuru kwamba zilitolewa, kwani Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapia santuri, na pasipo Nairobi pengine tungebaki na kanda za redio peke yake. Hata hivyo jina lile liliziingiza nyimbo zote, za mapenzi, za mzaha na za safari, katika matanga mamoja.

Gitaa lilipotea wapi? Jibu moja ni la kiufundi, nalo halijapewa uzito unaostahili. Santuri ndogo za mizunguko 45 ziliweza kubeba dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo wimbo mrefu wa dansi uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Maneno, aghalabu, hukaa katika sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya pili mwimbaji hupunguza usemi, gitaa la kati na besi hushika mwendo mmoja usiobadilika, na solo hupanda juu yake kuanza mazungumzo yake yenyewe. Ni huko "Soloist National" alikojipatia jina. Sasa tufikirie kipindi cha redio chenye haraka, ambamo mtangazaji hucheza upande wa kwanza, akasema neno la huzuni kuhusu marehemu, akaenda kwenye wimbo mwingine. Kizazi kizima kimelelewa kwa nusu ya wimbo. Na hata katika upande huo wa kwanza, solo huujibu mshororo ulioimbwa kabla ya ule unaofuata kuanza, kama hadhira imjibuvyo mtambaji wa hadithi. Anayenakili maneno pekee ananakili mazungumzo ya watu wawili kwa kumsikiliza mmoja.

Si kila mpiga gitaa amepatwa na hali hiyo. Mwenda wa Bayeke, aliyefariki mwaka 1990 huko Zambia, naye kwa ajali ya gari, hukumbukwa kwa vidole vyake. "Masanga", uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville (Likasi ya sasa), ulichambuliwa noti kwa noti na David Rycroft katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, mwenyewe akiwa hai. Wapigaji wa nchi mbalimbali wangali wanajifunza wimbo huo, na wachache kati yao wanajua maneno yake. Jimi Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, siku tano baada ya Expo 70 kufungwa, akiwa na miaka 27. Kifo chake kimezungumzwa kupita kiasi, lakini mashabiki wake hugombana juu ya namna alivyolishika gitaa. Mbaraka hakuwa na ugomvi wa namna hiyo. Wapenzi wake wanakubaliana mno.

Uhakiki wetu umechangia makubaliano hayo. Tumezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na tufikapo kwenye wimbo wa dansi fani tunaiona katika vina, tashbiha na takriri, yaani katika yale yanayoweza kuandikwa ubaoni. Mwanafunzi hupata alama nzuri kwa kuonyesha kwamba "Shida" unahakiki jamii. Hakuna anayemwuliza gitaa linafanya nini baada ya mshororo wa mwisho. Wapo watakaotukumbusha kwamba msikilizaji wa Kiswahili hupenda maneno, na kwamba Mbaraka mwenyewe aliimba ili aeleweke. Ni kweli. Lakini aliimba huku mikono yake ikifanya kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo aliyoitiwa jina.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Masisi. Katika miaka hii 30 ya vita tumewazika vijana wengi, na desturi ya kumtaja mtu kwa jinsi alivyokufa imekuwa nyepesi mno midomoni mwetu. Fulani ni yule wa barabarani, fulani ni yule wa kambini. Aliyekuwa fundi au mwalimu hujulikana kwa risasi iliyompata. Kumbukumbu ya Mbaraka ni shule ndogo ya desturi hiyo.

Miongoni mwa nyimbo zake umo mmoja uitwao "Nisalimie Wana Zaire". Zaire hiyo ilikoma kuitwa hivyo mwaka 1997, lakini waliosalimiwa ni sisi. Idara yetu ingeweza kuanzia hapo: kwa wimbo huo mmoja, kuandika mishororo ya sauti na mishororo ya solo katika safu mbili zinazotazamana, pumziko kwa pumziko, kama Rycroft alivyomfanyia Mwenda. Kazi hiyo yahitaji kinasa sauti, mwanafunzi mwenye subira, na mmojawapo wa wapiga gitaa wazee wa Goma ambaye bado anaweza kuvipiga vipande hivyo akiwa amefumba macho.