Fundi wa Geji Hujulikana Kabla Hajafungua Tangi

Anayetoka Morogoro kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50 za barabara ya TANZAM. Gari likizima humo usiku kwa kukosa mafuta, kushuka na dumu mkononi ni kujipeleka kwa simba na nyati. Anayeiacha TANZAM pale Mikumi na kuelekea Kilosa kupitia kata ya Ulaya naye ana mwendo unaokaribia kilomita 80. Kwa wenye magari wa huku, geji ya mafuta ni chombo cha usalama kama breki, na kazi ya kuitengeneza ipimwe kwa ukali uleule.

Fundi mzuri huanza kwa maswali. Je, mshale umelala kwenye E hata tangi likijaa, au umeganda kwenye F? Unarukaruka gari likipita matuta? Geji ya joto nayo imeharibika siku hiyohiyo? Hilo la mwisho ndilo ninalopenda zaidi kulisikia. Kwenye magari mengi ya zamani geji hizo mbili hupata umeme kupitia kidhibiti kimoja nyuma ya dashibodi, kwa hiyo zikiharibika pamoja, tangi mara nyingi halina kosa. Anayeanza kung'oa siti ya nyuma kabla hajauliza lolote anabahatisha kwa pesa yako.

Baada ya maswali, kipimo. Ndani ya tangi kuna boya lenye mkono, na mkono huo husugua kipande chembamba chenye ukinzani wa umeme. Kwa Toyota nyingi za zamani, boya likipanda ukinzani hupungua na mshale hupanda. Likishuka, ukinzani huongezeka na mshale hushuka. Fundi huchomoa soketi ya boya na kuwasha swichi: mshale unapaswa kulala kwenye E. Kisha huunganisha waya wa geji na bodi ya gari kupitia balbu ndogo, na mshale unapaswa kupanda. Ukipanda, dashibodi na waya ni vizima, ugonjwa uko upande wa tangi. Usipopanda, hakuna sababu ya kuligusa boya. Mwangalie vizuri hapo: anayeshindilia waya moja kwa moja kwenye bodi na kuuacha anaweza kuiunguza geji iliyokuwa nzima. Magari mapya hupitisha taarifa kwenye kompyuta, na baadhi ya magari ya bara la Ulaya husoma kinyume na Toyota, kwa hiyo fundi anayeujua mfumo wa gari lako hukueleza kabla ya kuchomoa chochote.

Upande wa tangi nao una mtego wake. Masika ya Kilosa hujaza tope chini ya gari, na tope huleta kutu kwenye bolti inayoshika waya wa bodi. Waya huo ukikosa kushika vizuri, mshale hushuka au hucheza kana kwamba boya limekufa. Namheshimu sana fundi anayesugua bolti hiyo kwa msasa na kupima upya kabla ya kukuuzia boya. Anajinyima faida ya spea ili akuambie ukweli.

Ikibidi tangi lifunguliwe, tazama mikono yake. Waya hasi wa betri umetolewa? Vumbi juu ya kifuniko limefutwa kwanza? Vumbi la barabara ya Kilosa likidondoka ndani, wiki chache baadaye utalalamikia pampu na chujio. Sigara na mashine ya kuchomelea zikae mbali. Na wakati wa kufunga, mpira wa kuzibia uliokakamaa ubadilishwe, la sivyo gari litanuka petroli safari nzima.

Boya likishatoka, litikise sikioni. Likisikika na mafuta ndani limetoboka, na boya lililozama huonyesha E hata tangi likiwa limejaa. Libadilishwe, kwa sababu gundi za kawaida huyeyuka ndani ya petroli. Kisha mita: mkono uinuliwe polepole, na namba ishuke kutoka omu kama 110 hadi chache tu, kwa Toyota nyingi za zamani. Namba ikipotea katikati, kipande cha ukinzani kimelika, na kukipiga msasa ni kukimaliza.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni kukunja mkono wa boya ili mshale upande. Mwenye gari huona F, hufurahi, hulipa. Lakini mkono uliokunjwa juu hudanganya chini: mshale husema robo wakati pampu inavuta hewa. Kuna pia magari, kama Subaru Forester nyingi, ambayo tangi lake lina mabonde mawili na kila moja lina kipimo chake. Fundi aliyekagua upande mmoja tu hajamaliza kazi.

Usikubali kulipa kwa kuuona mshale ukipanda gereji. Nenda sheli tangi likiwa karibu tupu, simama penye tambarare, ongeza lita 5, kisha 5 nyingine, na subiri kidogo kila mara, maana mishale mingi imetengenezwa itembee polepole ili isichezeshwe na mawimbi ya mafuta. Andika usomaji wa kila hatua. Taa ya onyo ikiwaka huku mshale ukisema nusu, iamini taa mpaka upime tangi lenyewe. Geji inayokosea kidogo tangi likiwa limejaa inavumilika. Inayosema robo wakati tangi ni tupu irudishwe siku hiyohiyo, na fundi asilipwe mpaka isome sawa.