Jino Lililozibwa Vizuri na Namna ya Kulikagua

Siku ya kwanza karibu kila jino lililozibwa hupendeza. Mtu hujitazama kwenye kioo, akaona rangi imelingana, akaridhika. Ubora wa kazi huonekana baada ya miezi kadhaa ya soda, maji ya ukwaju na chai ya rangi yenye ndimu.

Kompoziti, dawa nyeupe inayotumika sana kuziba meno ya mbele, ni resini iliyochanganywa na chembe ndogo mno za glasi au silika. Resini yake maarufu, Bis-GMA, ni kazi ya Mmarekani Rafael Bowen, aliyepata hataza mwaka 1962. Resini hiyo hufyonza maji kidogo kidogo, na asidi huingia kwa njia hiyohiyo: huilainisha, hulegeza mshiko wake kwa chembe, chembe zikang'oka na kuacha vishimo. Soda ya kola ina pH ya 2.5 hivi. Hata hivyo, katika vipimo vya maabara, mara nyingi kahawa na chai ndizo zinazobadilisha rangi ya kompoziti zaidi, ingawa asidi yake ni ndogo. Asidi hukwaruza uso. Rangi huletwa na kinywaji chenye rangi. Chai ya rangi iliyokamuliwa ndimu hubeba vyote viwili.

Kwa hiyo mkaguzi makini huanza na uso. Kijazo, yaani dawa iliyoziba jino, kikaushwe kwa hewa, kisha kimulikwe kwa pembeni. Kilichong'arishwa sawasawa hung'aa hata kikiwa kikavu. Kilichofanyiwa haraka hung'aa kwa mate tu, na kikikauka hufifia kama chaki. Halafu ulimi upitishwe polepole kutoka kwenye jino hadi kwenye kijazo. Usikwame popote.

Kuna ulaini unaodanganya. Kompoziti iliyogandishwa chini ya utepe wa plastiki na kuachwa bila kusuguliwa huwa laini kupita zote, lakini ngozi yake ya juu ni resini nyingi na chembe chache, kwa hiyo hushika rangi upesi. Fundi mzuri huiondoa kwa diski za kung'arishia, kuanzia ya chenga kubwa hadi nyororo kabisa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi foleni ikiwa ndefu, na inasikitisha, kwa sababu ni ya dakika chache.

Doa nalo lisomwe. Lililotanda juu huondoka kwa kung'arishwa upya. Mstari wa kahawia ukingoni, hasa ulimi ukikwama hapo, unaweza kuashiria kwamba kijazo kimeachana na jino. Umanjano uliotoka ndani hauondoki kwa diski. Mara nyingine chanzo chake ni dawa iliyowekwa kwa tabaka nene, mwanga wa kuigandisha usifike chini. Kwa kompoziti za kawaida tabaka lisizidi milimita 2.

Glasi ayonoma, dawa nyingine ya kuziba meno, iliyobuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, hupimwa kwa kigezo kingine. Ndiyo tegemeo la ART, mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila umeme, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Hutoa floridi, nayo ni faida kubwa, lakini asidi huimomonyoa. Isidaiwe mng'ao wa kompoziti; itazamwe kama kingo zimebaki usawa na jino au zimeanza kulika. Kwa mnywaji wa soda wa kila siku, kingo hizo zikaguliwe mapema na mara kwa mara.