Nafasi Tupu katika Jedwali la Sanaa

Msomaji, ukitaka kuzilinganisha sanaa za mataifa, twaa karatasi pana. Piga mistari ya kulala, kila safu iwe ya nchi moja; kisha piga mistari ya kusimama, kila mmoja uwe mwanzo wa karne. Andika kila kazi mahali pake. Shughuli hii ni nyepesi kwa mkono, lakini yataka hadhari, maana jedwali husema kweli na huweza kudanganya pia.

Itazame karne ya 14. Katika Italia, Giotto alikwisha kupamba kuta za kanisa dogo la Padua, yapata mwaka 1305, kwa rangi zilizopakwa juu ya lipu mbichi. Katika Uchina, Huang Gongwang alichora kwa wino milima ya Fuchun, akaitia picha yake tarehe ya 1350. Katika Hispania, Sultani Muhammad wa Tano alijenga Ua wa Simba katika kasri la Alhambra. Katika pwani yetu, Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa mapema katika karne hiyo, ukaezekwa kuba za mawe. Na yapata zama hizo hizo, mafundi wa Ife, katika nchi iitwayo leo Nijeria, walisubu vichwa vya shaba vyenye nyuso za watu kamili.

Hapo jedwali limesema kweli. Vitabu vingi huisimulia sanaa kama mto mmoja utokao Uyunani, ukapita Rumi na kufika Italia. Safu hizi zaonyesha mito mingi, kila mmoja na chemchemi yake.

Udanganyifu umo katika nafasi tupu. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, akaona sanamu nzuri ajabu. Katika fikira zake safu ya Afrika ilikuwa tupu. Kwa hiyo alidai kwamba asili yake ni Atlantis, nchi ya hadithi za Wayunani. Mwaka 1938 wajenzi waliokuwa wakichimba msingi papo hapo Ife wakafukua vichwa vingine vingi vya shaba. Tena, tangu mwaka 1928, machimbo ya bati ya Nok yalikuwa yametoa sanamu za udongo zenye umri wa miaka zaidi ya 2000. Safu haikuwa tupu. Ardhi ilikuwa haijafukuliwa.

Kumbuka pia kwamba jedwali hupendelea vitu vidumuvyo. Mawe na shaba hukaa. Mti huliwa na mchwa. Hata picha ya Fuchun ilitiwa motoni na mwenyewe mwaka 1650, ikaopolewa imekatika vipande viwili. Laiti ingeteketea, chumba chake kingekuwa kitupu, na mchoraji asingekuwa amepungukiwa na ustadi hata kidogo.

Basi usiandike “hapana” katika chumba kitupu, kiache wazi. Wala usidhani kwamba aliye kushoto ndiye bora, kwani kutangulia si kufika. Anayeamua kwamba mababu zake walikaa bure kwa sababu karatasi ni nyeupe, amehukumu kabla ya shahidi kusema.