Mchezo Usiopakiwa Garini

Mwaka 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walipakia michezo yao ya kuigiza garini wakaenda kuionyesha mijini na vijijini bila kiingilio. Mwaka 1974 wenzao wa Nairobi wakafuata. Heshima yao ipo palepale, lakini ufundi ninaotaka kuusifu ni ule unaosafiri bila mchezo wowote. Wasanii wanafika shuleni na ngoma na daftari tupu. Ukiwauliza wamekuja kuonyesha nini, watakwambia bado hakijatungwa.

Amandina Lihamba na Penina Mlama, ambaye wasomaji wa *Hatia* na *Nguzo Mama* wanamjua kama Penina Muhando, walikuwa miongoni mwa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliounoa ufundi huo pamoja na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1996 uliletwa kwa wasichana wa sekondari, mradi ukaitwa Tuseme. Baadaye Jukwaa la Waelimishaji Wanawake wa Afrika, FAWE, likaueneza katika nchi nyingine.

Kazi huanza kwa maswali. Wasichana wenyewe wanachunguza kinachowakwamisha masomoni. Majibu ya mwanzo huwa ya adabu: vitabu vichache, maji mbali. Mwezeshaji anayeijua kazi hana haraka ya kuandika. Anaimba nao, anacheza nao, anawaacha wazoeane, mpaka atokee binti wa kumtaja mwalimu anayetaka madaftari apelekewe nyumbani usiku, au bodaboda ambaye nauli yake hailipwi kwa fedha.

Hapo ndipo mkono wa msanii unapohitajika. Binti haambiwi asimame aseme yaliyomkuta, anapewa mhusika. Avae koti la mwalimu, atembee kwa madaha yake, akohoe kama yeye. Ukumbi mzima umeshajua ni nani, na hakuna jina lililotajwa. Jamii iliyolelewa na kanga na mipasho haihitaji kufundishwa namna ya kusikia jambo la aina hiyo.

Wala si kwamba kumfunda binti kwa sanaa kumeanza chuo kikuu. Unyago una nyimbo, ngoma na maigizo yake, na mwali hutoka humo amejua mengi. Ila mle kungwi ndiye mwenye neno. Tuseme imemkalisha kungwi chini asikilize, jambo ambalo watu wazima wengi huliona kuwa utovu wa adabu hadi leo.

Igizo huonyeshwa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi, kisha mjadala hufunguliwa. Wapo wawezeshaji wanaofuata njia aliyoieneza Mbrazili Augusto Boal: hulisimamisha palipo pagumu, wakamwalika mtazamaji apande jukwaani ajaribu njia nyingine. Mzazi aliyekuwa akitikisa kichwa sasa anatakiwa amjibu mwenye bodaboda. Ni rahisi kulaumu ukiwa umekaa.

Siku hizi kuna mchezo mwingine barabarani: gari la vipaza sauti, fulana za bure, na igizo lililoandikwa ofisini likapitishwa na mfadhili. Watu wanacheka, wanachukua fulana, wanaondoka. Siwalaumu wasanii, kodi ya nyumba haisubiri. Ila binti wa kijiji hicho hakuulizwa kitu.

Hata kazi nzuri ina hatari yake. Wageni huondoka, aliyesema akabaki na mwalimu yuleyule. Kwa hiyo Tuseme huacha klabu shuleni, na kwangu hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko onyesho lenyewe. Klabu ndiyo inayofuatilia kitasa cha choo, taa ya njia ya bweni, na nani aende kwa mkuu wa shule ili asiende mmoja peke yake.

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida. Lango limefunguliwa. Binti anayerudi atakaa dawati moja na nani, nani atabaki na mtoto wakati wa vipindi, na wenzake watamwitaje wakati wa mapumziko: hayo hayamo katika tangazo lolote, na klabu nyingi zina kazi ya kuyatungia igizo.