Utohozi au Uigaji? Uhakiki wa Albamu ya Introduction ya Bendi ya WITCH ya Zambia

4.3.1 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki Introduction, albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya WITCH, iliyotolewa nchini Zambia mwaka 1972. Kwa kawaida albamu hii hutajwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya wanamuziki wa Zambia kuuzwa kibiashara. Hoja inayojengwa ni kwamba uhakiki wa Kiswahili, uliozoea kuanzia kwenye maneno, ungeweza kuiona albamu hii kuwa uigaji mtupu, ilhali dhana ya utohozi inaieleza kwa usahihi zaidi. Tunduma ni mahali panapofaa kuitazamia. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Tunduma na Nakonde, na shilingi na kwacha hupokelewa juu ya meza moja ya biashara.

4.3.2 Usuli wa Albamu

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kufika baharini. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikipitia Tunduma. Njia hizo zilihudumia uchumi wa shaba, na shaba hiyo ndiyo iliyolipa mishahara ya miji ya migodi ambako roki ya Zambia ilipata wasikilizaji wake.

Shaba ilivuka mpaka, lakini muziki huo haukupata nafasi ya maana katika mijadala ya upande wa Tanzania. Mwaka 1969 muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, huku bendi za dansi zikistawi kwa Kiswahili. Kwa kipimo cha wakati huo, vijana walioimba Kiingereza kwa magitaa ya umeme wangeitwa watu wenye kasumba.

4.3.3 Fani na Maudhui

Kipimo hicho hakikosi msingi. Nyimbo zimeimbwa kwa Kiingereza, na mpangilio wa beti na viitikio unafuata roki ya Uingereza na Marekani. Maudhui ni mepesi, kama zinavyodokeza anwani za "Home Town", "Feeling High" na "No Time". Mhakiki anayetafuta dhamira ya ukombozi atatoka mikono mitupu.

Hata hivyo, fani ya albamu haiishii kwenye maneno. WITCH ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, yaani "tumedhamiria kuleta vurugu". Anwani ya albamu, ambayo pia ni ya wimbo wa kwanza, ina maana ya utambulisho. Jina na anwani vikisomwa pamoja vinaunda tendo linalofahamika vyema katika fasihi simulizi ya Kiafrika: majigambo, ambapo mtendaji hujitokeza mbele ya hadhira, hujitaja na kutangaza atakalolifanya.

Ushahidi wa pili ni jina la mwimbaji. Emanyeo Chanda alijulikana kwa jina la Jagari, lililotokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Ja-ga-ri ni silabi tatu wazi, kila moja ikiishia kwa irabu, kama ilivyotokea kwa "shati" na "bulangeti". Mwigaji angelichukua jina kama lilivyo. Hapa limepitishwa katika kanuni za lugha pokezi. Vivyo hivyo, gitaa la Chris Mbewe linakwaruza kwa mtindo wa ng'ambo, lakini besi ya Gedeon Mulenga na ngoma za Boidi Sinkala zinashikilia mwendo mfupi unaojirudia, unaomtumikia mchezaji kuliko msikilizaji aliyeketi.

4.3.4 Mipaka ya Utohozi

Utohozi huo haukukamilika. Jina limetoholewa, maneno ya nyimbo yamebaki ya kigeni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1966 iliruhusu Kiingereza kutumika kufundishia shuleni, na Zambia, yenye lugha zaidi ya 70, haikuwa na lugha ya kuiunganisha nchi kama Kiswahili. Kiingereza kiliweza kumfikia kijana wa Kitwe na wa Lusaka bila kumpendelea Mbemba wala Mnyanja. Lakini kilimwacha nje msikilizaji wa Nakonde ambaye hakupata shule, na hasara hiyo haifidiwi na ubora wa gitaa. Anwani ya albamu ya mwaka 1976, Lukombo Vibes, ambayo nusu yake si Kiingereza, inaonesha kwamba safari iliendelea.

4.3.5 Hitimisho

Kampuni ya Marekani ya Now-Again ilipotoa upya kazi za WITCH mwaka 2012, wasikilizaji wa Ulaya na Marekani waliijadili bendi hiyo kwa kina kuliko majirani zake wa Tunduma. Ukimya huo umetokana kwa sehemu na kipimo kinachohesabu lugha ya wimbo kuwa ushahidi pekee wa Uafrika wake. Sehemu hii inapendekeza kuwa uhakiki wa muziki uchunguze pia jina, sauti na utendaji kabla ya kutoa hukumu. Pendekezo hilo linawahusu hata vijana wa Songwe wanaorekodi leo kwa mitindo iliyotoka mbali, na ambao bado wanahukumiwa kwa kipimo kilekile.